Sumaku kukataa si ushahidi kwamba ni alumini

Mkuu, usiwashe hilo tanuri. Umeandika una gunia la vyuma vyeupe visivyoshika sumaku, muuzaji kakuhakikishia kwamba "yote alumini hiyo", na unataka kusubu puli, yaani kuyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu upate gurudumu la mkanda, wikiendi hii. Halafu ukauliza kama mkaa unatosha, utumie mchanga gani kwenye kalibu, na kama kuna haja ya kuongeza chochote. Yote hayo yasubiri. Kwenye picha yako, kushoto, chini ya zile pistoni, kuna boksi, yaani ganda la nje, la injini ya msumeno wa mnyororo. Hilo likiingia kwenye chungu, puli utaisahau.

Sumaku ikikataa imekuambia jambo moja tu: hiki si chuma cha kawaida. Basi. Alumini haishiki, magnesiamu haishiki, zinki haishiki, risasi haishiki, shaba haishiki, hata stenlesi nyingi hazishiki. Sasa hapo umejua nini?

Mimi nilifundishwa hicho kipimo cha sumaku na jamaa mmoja wa video. Anaigusisha, haishiki, anatupa kwenye chungu, anatabasamu. Glavu zake zilikuwa safi kabisa, hata doa la masizi hakuna, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Muuza skrepa naye akaapa kwa kila kilicho kitakatifu kwamba mzigo ni mmoja. Yeye anauza kwa kilo, kwa nini ahangaike kupambanua?

Basi nikayeyusha pistoni zangu, safi, nikaondoa taka juu, uji unang'aa. Nikavunja boksi la msumeno kwa nyundo nikaanza kudumbukiza vipande. Vikaelea. Hapo pia ningeshtuka, maana alumini ngumu ndani ya uji wa alumini huzama au hujikokota, haielei kwa furaha namna ile. Juu kukaanza kuota ukoko mweupe uliofura. Nikadhani ni taka, nikaukoroga kwa nondo. Ukoko ukapasuka, hewa ikaingia, na mwanga uliotoka pale ulikuwa kama wa kuchomelea, ila huu hauna swichi.

Boksi lile lilikuwa la magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto inapita nyuzi 3000 za Selsiasi. Chungu changu kilikuwa cha bomba la chuma, kikatoboka ubavuni na alumini yote nzuri ikamwagikia kwenye mkaa. Mwenzangu, Mungu ambariki kwa moyo wake, akaja mbio na ndoo ya maji. Matone yaliyofika tu yalitosha kurusha cheche nyeupe hadi ukutani, kwa sababu magnesiamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni na kuacha haidrojeni, nayo hulipuka. Mtungi wa kaboni dioksidi usiuguse pia, moto huu unaula kama chakula. Unaozima ni unga maalumu wa moto wa metali. Kama huna, zima feni ya tanuri, ondoka, usiukodolee macho, uache uishe. Nyusi zangu zimeota tena, asanteni mliotaka kuuliza.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: kila kipande kipimwe peke yake, na kisichojulikana hakiingii kwenye chungu. Kusema "gunia hili ni alumini" hakuna maana, gunia halina jina.

Chukua tupa ya kusugulia chuma, kwangua hadi upate metali mpya inayong'aa, maana rangi na ukungu wa juu huficha kila kitu. Dondoshea siki nyeupe hapo hapo uliposugua, sogeza jicho. Alumini inakaa kimya. Magnesiamu inaanza mara moja: vipovu vidogo vidogo vinapanda mfululizo, ukisikiliza unasikia kama inanong'ona, na pale chini panageuka kijivu. Zinki nayo inaweza kutoa vipovu, lakini taratibu, na hiyo utaikamata kwa uzito.

Uzito unapimwa hivi. Pima kipande kwenye mizani, kisha kining'inize kwa uzi kizame chote majini bila kugusa chini, upime tena. Gawa uzito wa kwanza kwa tofauti ya hivyo viwili. Kipande cha gramu 540 kikisoma 340 majini, tofauti ni 200, jibu 2.7, hiyo ni alumini. Ukipata 1.8 ni magnesiamu, weka pembeni. Ukipata kama 6.6 ni ile aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki ya vitasa na kabureta za zamani, ambayo ukiichanganya na alumini unapata puli inayovunjika, na ukiipandisha sana, kuanzia nyuzi 907, zinki inachemka na kukupa moshi mweupe unaoleta homa ukiuvuta. Toa boliti zote kwanza, na hakikisha hakuna hewa iliyonaswa kwenye matundu, la sivyo namba itakudanganya.

Vya kushuku bila hata kupima: maboksi ya misumeno ya injini, fremu za usukani, maganda ya kompyuta mpakato, na boksi la injini la Volkswagen Beetle ya zamani. Shokabu au kitu chochote kilichofungwa pande zote usikitie kabisa, kinalipuka.

Mkaa unatosha, alumini inayeyuka nyuzi 660, ila magnesiamu inayeyuka 650, kwa hiyo usitegemee joto likutenganishie. Mchanga wa kalibu waulize wengine humu, mimi sasa hivi nawaza hilo boksi tu. Kwangua, dondoshea siki, piga picha ya karibu uiweke hapa kabla hujagusa kiberiti.