"Jail" si kila mahali aliposhikwa mtu

Umeuliza kwa nini ulisahihishwa ulipoandika kwamba kijana aliyekamatwa jana Kampala yuko "in jail", ilhali kamusi inasema jail ni jela.

Kamusi haijakosea. Jela lenyewe limetoka kwenye jail, na ndiyo maana linatudanganya. Waganda tunafuata Kiingereza cha Uingereza: jail na prison ni kitu kimoja, ila kwenye kibao cha lango na kwenye hati utakuta prison. Wamarekani ndio wanaotenganisha: jail ni ya kaunti, ya mahabusu na vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka, prison ni ya jimbo au ya serikali kuu.

Kwa habari ya Kampala, uliza kwanza kesi imefika wapi. Aliyekamatwa jana yuko selo ya polisi, ile tunayoiita kaduukulu. Andika "in police custody". Hapo anahesabiwa saa: Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya 48. Asipopata dhamana anapelekwa rumande, tuseme gereza la Luzira, na sasa ni "on remand". Huko zinahesabiwa siku: 60 bila kesi kuanza kusikilizwa, au 180 bila kesi kupelekwa Mahakama Kuu ikiwa ndiyo pekee inayoweza kuisikiliza, na hapo ana haki ya kupewa dhamana. Yuko ndani ya kuta za gereza, anakula posho, yaani ugali, na maharage, lakini ni mahabusu, si mfungwa. "Jailed" ingoje hukumu, tena itaje muda: "jailed for five years". Ukiiandika mapema umemtia hatiani kabla ya hakimu, na jamaa zake wakikujia juu wana haki.

Halafu hiyo "the" mnayopenda kuichomeka. "He is in jail" ni mtu aliyefungiwa. "He is at the jail" huenda ni kaka yake aliyepeleka sabuni. Kiswahili nacho kina jambo kama hilo: twasema yuko jela, bila -ni, lakini gereza lazima liwe gerezani.

"Gaol" ni jail ile ile kwa tahajia ya zamani ya Kiingereza, na hutamkwa vilevile. Utaikuta kwenye hati za enzi za ukoloni. Ukiinakili, soma tena kabla ya kutuma, maana vidole vikipitiwa inageuka goal, na mfungwa wako anajikuta golini.