Kanda za dansi zimefifia sauti

SWALI: Nina kanda za bendi za JUWATA na Mlimani Park, nilizorekodi redioni ujanani, miaka ya 1980. Sauti imefifia na inayumba. Nizihamishieje kwenye kompyuta?

JIBU: Kwanza vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, usije ukafuta muziki usiopatikana tena. Peleka utepe mbele hadi mwisho, urudishe. Uliokaa miaka umeshikana, ndiyo maana unayumba. Safisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti mpaka itoke bila ukahawia. Gitaa la solo likiendelea kusikika kwa mbali, tazama kijisponji nyuma ya utepe: kikibanduka, hamishia utepe kwenye ganda lenye skrubu. Waya wa kutoka kwenye deki uingie tundu la laini (line in) la kompyuta, si la maikrofoni, ambalo hupasua sauti. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa.