Choo kikiziba usiflashi mara ya pili

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita jirani kanigongea usiku, maji yametoka chooni yamefika mpaka koridoni, na nilivyomuuliza kafanya nini akaniambia kaflashi mara tatu. Hapo ndo watu wengi tunapoharibu. Choo kikiziba unaona maji yanapanda badala ya kushuka, roho inakuruka, alafu unabonyeza tena ukitegemea maji ya pili yatasukuma uchafu, na hayasukumi. Tenki la choo linabeba lita 6 hivi, vya zamani vinabeba zaidi, sasa kama sinki la choo lishajaa hayo mengine yataenda wapi kama sio sakafuni?

Kwa hiyo ukiona tu maji yanapanda, fungua mfuniko wa tenki. Chini kabisa kuna kimpira kinachoziba tundu la kuteremshia maji, kikandamize kwa mkono kirudi mahali pake, maji ya mle ni masafi usiogope. Kama choo chako ni cha kitufe juu na hukioni hicho kimpira, funga koki ndogo iliyo ukutani karibu na choo ili tenki lisijae tena. Ukishafanya hivo vuta pumzi, hakuna kitakachozidi hapo.

Sasa ujue unapambana na nini. Bomba la choo cha kukaa haliteremki moja kwa moja, linapanda kwanza alafu ndo linashuka, na hiyo kona ndo inabakiza maji yanayozuia harufu isirudi ndani. Ndo sehemu nyembamba kuliko zote, upana wake ni kama sentimita 5 hivi, na mara nyingi mzibo unakaa hapo hapo, sio mbali chini ya ardhi kama watu wanavyodhani.

Mimi naanza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kama sinki limejaa sana nachota kwanza kwa kopo nabakiza nusu, namimina sabuni kama nusu kikombe, naacha nusu saa nzima bila kugusa, alafu naleta ndoo ya maji ya moto, ila ya moto wa kuvumilika kwa mkono, yasiwe yanachemka maana sinki linaweza kupata ufa. Unaimwaga kutoka usawa wa kiuno, kwa mara moja na kwa kasi. Ukimimina kidogo kidogo ni kazi bure, uzito wa maji yanayoanguka pamoja ndo unaosukuma. Kama ni tishu tu na uchafu wa kawaida, mara nyingi inaishia hapo.

Isipoisha ndo nachukua plunja. Ile bapa ya sinki la jikoni haikai vizuri chooni, tafuta yenye kile kishingo cha mpira kinachochomoza kwa chini, kinaingia kwenye tundu na kubana. Maji lazima yafunike mpira, la sivyo unasukuma hewa tu. Mbonyezo wa kwanza fanya polepole sana utoe hewa, ukianza kwa nguvu yanakurukia usoni. Na hapa nisikilize vizuri, watu wanasukuma kwa nguvu zote wakati kazi kubwa iko kwenye KUVUTA. Unasukuma taratibu, unavuta kwa nguvu, bila kuachia mpira, mara 15 au 20. Mzibo unalegea kwa kutikiswa huku na huku. Ukifanikiwa utasikia, kuna mlio wa kumeza kama mtu anayegugumia maji, alafu maji yanazunguka na kushuka yote kwa pamoja.

Kuna kipindi choo chetu nilikuwa nakizibua leo, kesho kutwa kimeziba tena, wiki mbili mfululizo. Nikajua hii sio tishu. Mzibo unaorudi rudi maana yake mara nyingi kuna kitu kigumu kimelala ndani, maji yanapita pembeni kidogo kidogo mpaka tishu zinasie hapo. Nikatafuta ule waya wa springi wa kuzibulia, nikauingiza huku nazungusha mpaka ukagonga kitu, nikazungusha zaidi unase, nikavuta taratibu. Kikatoka kile kikapu cha plastiki cha dawa ya harufu kinachoning'inizwa ukingoni, kindoano chake kimekatika, nyuzi za waipsi zimejisokota kukizunguka kama nywele kwenye chanuo. Tangu siku hiyo hivyo vikapu sivitaki nyumbani kwangu, na waipsi, pedi, nepi na pamba tuna ndoo yake yenye mfuniko. Waipsi hata kama pakiti imeandikwa zinaflashika msizitupe chooni jamani, haziyeyuki kama tishu.

Kuhusu unga na dawa kali za kuzibulia nitasema wazi, mi sishauri. Shemeji yangu alimwaga ile ya kostiki asubuhi, haikuzibua, akaenda zake kazini bila kusema. Nikaja na plunja yangu, mbonyezo wa tatu maji yakaruka mkononi. Mwanzo unahisi utelezi tu kama sabuni, alafu ndo moto unaanza. Nilikaa chini ya bomba dakika 20 maji yakitiririka na bado ngozi ilitoka. Ingekuwa jichoni sijui. Na kama mtu ameshamwaga dawa ya aina moja usiongeze nyingine juu yake, hasa ile ya kung'arishia nguo yenye klorini ikikutana na dawa ya asidi ya kusugulia vyoo, inatoa gesi inayobana kifua na kwenye chumba kidogo kama choo hiyo ni hatari kweli.

Kabla hujahangaika sana angalia pia bafuni. Kama ukiflashi maji yanabubujika kwenye tundu la bafu, au masinki yote yanashuka polepole kwa wakati mmoja, tatizo haliko chooni, liko kwenye bomba kubwa au chemba ya nje. Funua chemba utazame: ikiwa imejaa, mzibo uko mbele yake kuelekea shimoni au shimo lenyewe limejaa, ikiwa kavu mzibo uko kati yake na nyumba. Ukimpigia fundi bomba ukamwambia hilo tu unamuokolea nusu ya kazi. Na kama kuna dawa yoyote iliyomwagwa, hata jana, mwambie kabla hajavua saa mkononi.