Kwa wakimbiaji wanaotaka kuingia mbio za michezo mingi porini

Wengi mnaoniuliza kuhusu mbio hizi, ambamo mtu hukimbia, hupiga kasia na huendesha baiskeli, mmetokea kwenye marathoni, na swali lenu la kwanza huwa ni mnakimbia kilomita ngapi. Tazameni Coast to Coast ya New Zealand, iliyoanza mwaka 1983: kilomita 243, kutoka pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini hadi ya mashariki. Mbio za mlimani, kupitia Goat Pass, ni kama kilomita 30 tu, na sehemu kubwa mnaruka mawe na kukatiza mto. Kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kasia, ni kilomita 70 katika mto Waimakariri. Hapo kijana mwenye mbio zake hupitwa na wazee waliozoea kasia.

Kwa hiyo anzeni na maji. Nguvu ya kasia hutoka kiunoni na mgongoni; anayevuta kwa mikono peke yake humalizika mapema. Pindukeni kwa makusudi kwenye maji yaliyotulia, mara nyingi, mpaka kuchomoka kwenye kayaki ukiwa kichwa chini kusikutie kiwewe. Kisha jifunzeni kuusoma mto. Waimakariri hugawanyika vijito vingi juu ya changarawe, na ukichagua kijito chenye maji haba utashuka uburute chombo.

La pili ni ramani. Kwenye mbio ndefu za siku kadhaa, za timu za watu wanne, GPS kwa kawaida hairuhusiwi. Mna ramani na dira, na usiku ni wenu. Kabla ya kuondoka kituoni, msoma ramani aseme kwa sauti: tutavuka mto, kilima kitakuwa kushoto, tukikuta barabara tujue tumepitiliza. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wageni huisahau. Mwingine naye afuatilie ramani, maana usingizi wa usiku wa pili humfanya mtu aone njia isiyokuwepo.

Baiskeli sina mengi: jueni kuziba pancha, kuunga mnyororo uliokatika, na kuibeba mgongoni pasipopandika. Kamba za kupandia na kushukia majabali mtafundishwa na mkufunzi, msijaribu wenyewe.

Kuhusu timu nina msimamo mkali. Wanne lazima waende pamoja, hivyo mwendo wenu ni wa aliyechoka zaidi. Timu nzuri hubeba kamba ya mpira, mwenye nguvu akamvuta mwenzake, hata juu ya baiskeli, na begi huhama mgongo kabla mtu hajaanza kuyumba. Mimi namchagua anayesema mapema "nimechoka, nivute" kuliko mwenye kasi anayeficha maumivu ya goti. Wanaume, hili hutupa taabu zaidi.

Miguu iliyolowa siku nzima hutoa malengelenge, basi vueni viatu kila kituo, mkaushe, mbadilishe soksi, hata kama wenzenu wanafoka.

Na maji ya mto msiyameze. Mwaka 2000, kwenye mbio za Eco-Challenge katika kisiwa cha Borneo, Asia, washiriki wengi waliugua leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoingia kupitia maji machafu na michubuko, ule ule tuliousikia Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mto Segama. Funikeni michubuko kabla ya kuingia majini. Ukirudi nyumbani na homa wiki moja au mbili baadaye, mweleze daktari ulikuwa mto gani, asije akaishia kupima malaria tu.