Spirulina imegeuka manjano: je, niongeze chumvi?

Swali: Nakuza spirulina, ule mwani mdogo wa kuliwa, kwenye tangi la lita 1,000. Nilifuata mchanganyiko wa Zarrouk, yaani kanuni ya kawaida ya virutubisho vya spirulina, ila nitrati ya sodiamu nikaipunguza kutoka gramu 2.5 hadi 0.5 kwa lita, kubana gharama. Nimeshavuna kilo 1.5 kavu. Sasa maji yamekuwa ya kijani cha manjano na unga hautoi buluu. pH ni 10.1. Je, chumvi zaidi itarudisha rangi?

Jibu: Hapana, ndugu. Chumvi iache ilipo. Spirulina huivumilia, kama inavyovumilia magadi ya Ziwa Bogoria, lakini ikizidi, seli hutumia nguvu kujikinga nayo badala ya kukua.

Tangi lako lina njaa ya nitrojeni. Gramu 500 za nitrati ulizoweka zina nitrojeni gramu 82 tu, na spirulina kavu ni nitrojeni kama asilimia 10. Zinatosha gramu 800 hivi za mavuno. Wewe umevuna karibu mara mbili. Fikosianini, ile rangi ya buluu, ni protini, tena ni akiba ya seli: nitrojeni ikikauka majini, seli huivunja na kuila.

Hakikisha kwanza. Chota beseni mbili za lita 10, ziweke kivulini, moja itie gramu 25 za nitrati. Koroga zote mara kadhaa kwa siku. Yenye nitrati ikirudia kijani cha buluu ndani ya siku 2 au 3, weka kilo 2 tangini, ukiziyeyusha kwanza kwenye ndoo. Tangu hapo, kila kilo kavu unayovuna irudishie gramu 600. Tandaza wavu wa kivuli pia, maana jua kali hupunguza rangi hata chakula kikitosha.

Usikimbilie mbolea ya urea kwa sababu ni ya bei nafuu. Kwenye pH 10 amonia yake huua tangi zima ukikosea kipimo. Ukitaka kubana gharama, punguza bikaboneti ya sodiamu ya mchanganyiko huo: gramu 8 kwa lita zinafaa badala ya 16.8, mradi uchunge pH isipite 10.5.

Beseni zote mbili zikibaki manjano, shuku madini ya chuma. Salfeti ya chuma ikitiwa peke yake kwenye pH hiyo huganda na kuzama. Ichanganye na EDTA, kemikali inayoshika chuma kisigande, kabla ya kumimina.

Kupima rangi ya mavuno, loweka unga kidogo kwenye glasi ya maji usiku kucha. Maji yenye fikosianini huwa ya buluu, na juani hung'aa wekundu.