Bi Pwani Anajibu: Chumba Umelipia, Bahari Je?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mahoteli makubwa ya ufukweni kisiwani Unguja. Kwa wasionijua, kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu nilikuwa mapokezi, hoteli kubwa ya mwambao wa mashariki. Kwa hiyo mengi ya maswali haya nimeshaulizwa uso kwa uso, mengine kwa kufokewa.

Shikamoo Bi Pwani. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tumejiwekea akiba twende Zanzibar mwishoni mwa Agosti na watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Hawajui kuogelea. Tumeona hoteli kubwa Kiwengwa, kwenye picha bahari iko mlangoni kabisa. Lakini mwenzangu kazini alikwenda huko, anasema aliamka asubuhi akakuta bahari haipo, amebakiziwa mchanga na majani. Nimewapigia hoteli, wamenijibu "bahari ipo kila siku dada." Sisi tumezoea Ziwa Victoria, maji hayaendi popote. Nilipe au nisilipe? Mama wa wawili, Mwanza.

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa hiyo miaka kumi.

Mwenzako kasema kweli, na aliyekujibu simu naye hakudanganya. Bahari ipo kila siku, ila haikai pahala pamoja. Kiwengwa, Pwani Mchangani, Matemwe, Bwejuu, Paje, Jambiani, mwambao wote huo wa mashariki, mbele ya hoteli kuna mwamba mbali huko ambako unaona mawimbi yanavunjika meupe. Baina ya mwamba na mchanga maji ni machache. Yakipwa, yanatoka yote, unaweza kutembea kwa miguu mwendo wa kilomita nzima na usilowe zaidi ya magoti. Ndiyo saa ile utawaona wanawake wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani, yale majani ya baharini, na wengine na vijiti wanatafuta pweza mashimoni. Wageni Wataliani, ambao Kiwengwa wamejaa hata vijana wa ufukweni wanasema Kitaliano kuliko Kiingereza, walikuwa wanakuja mezani kwangu wamevaa taulo wananiuliza bahari imepelekwa wapi. Mmoja alitaka apunguziwe bili!

Sasa sikiliza, hili hawalitii kwenye matangazo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini. Kwa hiyo ukiacha wiki moja ipite, saa ya kujaa inageuka kuwa saa ya kupwa. Mwezi ukiwa mpevu, tarehe kumi na nne, kumi na tano za Kiislamu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, hayo ni bamvu. Maji yanapanda na kushuka kwa nguvu, bamvu kubwa hufika mita nne. Kwetu Unguja bamvu lina saa zake: saa nne asubuhi bahari imekauka, saa kumi jioni imejaa mpaka kwenye ngazi za hoteli. Mwenzako bila shaka alikwenda wakati wa bamvu, akaamka, akanywa chai, akatoka na watoto saa nne. Angevumilia mpaka alasiri angeogelea.

Mwezi ukiwa nusu mambo ni kinyume. Hayo tunaita maji mafu. Yanapanda na kushuka kidogo, mita moja hivi, na saa nne au saa tano asubuhi ndiyo yamejaa. Kwa watoto wasiojua kuogelea, hakuna siku nzuri kama hizo huku mashariki: maji yamefika kiunoni pa mtoto, mwamba umezuia mawimbi, chini mchanga. Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, hata ile ya ukutani ya msikitini, utafute tarehe nane mpaka kumi za mwezi wa Kiislamu, au ishirini na tatu mpaka ishirini na tano. Panga safari izunguke siku hizo. Hoteli haitokwambia haya kwa sababu yenyewe inataka kujaza vyumba siku zote thelathini.

Lakini umeandika Agosti, na Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki na unapiga mwambao huo huo. Paje na Jambiani wale wanaovutwa na tiara juu ya maji wanafurahi mno, mama mwenye watoto hafurahi hivyo, mchanga unaruka na majani ya bahari yanasukumwa nchi kavu. Hoteli huyazoa alfajiri na matoroli, kufika mchana yamerudi. Kama mnataka kuingia majini saa yoyote mtakayo, tazameni Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi. Huko maji hayakimbii mbali, na kusi limekingwa na kisiwa chenyewe. Ila mtoto akipiga hatua chache tu maji yamemfika shingoni, basi mmoja wenu awe naye kila dakika. Bei pia huwa juu, na msongamano ni mkubwa, magoma usiku. Mimi ningekuwa wewe, kwa watoto wa umri huo, ningebaki mashariki na kalenda yangu mkononi, na siku moja nikodi gari niwapeleke Kendwa.

Mengine ya kuwauliza hoteli, na wakujibu kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Bei ni ya chumba au ya kichwa? Mtoto wa miaka tisa wanamhesabu vipi? Bwawa la watoto lina kina gani, na kuna mtu wa kuokoa anayekaa pale au ni kibao tu? Na uliza bei ya wakazi. Mahoteli mengi yanayo, lakini hawaitaji mpaka uitaje wewe. Nyinyi wawili mje na vitambulisho vya taifa vyenyewe, si picha kwenye simu. Nimewaona watu wamefika na mabegi na watoto wamelala mabegani, vitambulisho wameviacha nyumbani, bei ikageuka pale pale mezani.

Nunueni viatu vya mpira vya kuingilia majini, jozi nne. Kwenye mawe kuna wale wanyama wadogo wa baharini, weusi, wa miiba mirefu. Ukiwakanyaga, mwiba unakatikia ndani, na watu wa pwani watakupaka utomvu wa papai bichi. Kinga ni rahisi zaidi.

Bi Pwani, kampuni yetu inatupeleka semina Nungwi, hoteli ya malipo ya kila kitu ndani, ol inklusivu. Sijawahi kulala kwenye hoteli ya hivyo. Nataka nijue mapema nisije nikaaibika mbele ya mabosi. "Kila kitu" ni kila kitu kweli? Kijana wa Ilala.

Si kila kitu, baba. Ukifika utafungwa mkanda wa plastiki mkononi, na huo ndio leseni yako ya kula na kunywa mpaka siku ya kuondoka. Usiukate usiku kwa sababu unakukera, mpya hupewi bila maelezo. Vinywaji vya humu nchini kwa kawaida vimo. Chupa zile zilizopangwa rafu ya juu huwa hazimo, wala kusingwa, wala kufuliwa nguo, wala boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba, wala kile kilichomo kwenye friji ndogo ya chumbani hoteli nyingine. Neno la kumwambia mhudumu ni moja tu: "Hii imo?" Atakujibu, wala hakuna aibu, mabosi wako nao watauliza hivyo hivyo kwa Kiingereza.

Bufee sasa. Usiku wa kwanza watu huanza mwanzo wa meza, na mwanzo wa meza wapishi ndipo wanapoweka mkate, saladi, wali na viazi. Wanajua wanalolifanya. Sahani ikifika kwa samaki imeshajaa. Wewe zunguka kwanza mikono mitupu, mpaka mwisho, utamkuta kijana kasimama nyuma ya jiko la mkaa na nguru au changu anamgeuza kwa koleo. Kaa hapo. Mwombe akukatie kipande kilichotoka sasa hivi. Ukirudi mara ya pili na ya tatu hakuna anayehesabu. Kubeba kwenye kitambaa kwenda nacho chumbani, hilo wanalitazama.

Na usile hotelini siku zote. Nungwi ni mji wa wavuvi na wajenzi wa majahazi tangu kabla ya hoteli ya kwanza. Toka nje ya geti jioni moja, ukivaa suruali na fulana, si taulo. Kula kwa mama ntilie. Mkanda wako huko haufanyi kazi, beba shilingi.

Assalaam aleikum Bi. Sikukuu tulikwenda pwani na watoto, tukawa tunatembea kandokando ya maji. Tulipofika mbele ya hoteli moja kubwa, mlinzi akatuzuia, eti hapa ni pa wageni tu, tuzunguke barabarani. Watoto walilia. Ana haki? Baba wa Amani, Unguja.

Waaleikum salaam. Hana. Vitanda, miavuli ya makuti, baa, vyoo, hivyo ni mali ya hoteli na ukikalia utaambiwa uondoke kwa haki. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, hoteli imekodishwa tu, na ufukwe unaofikiwa na maji haukuwamo kwenye hicho ilichokodishwa. Majengo yenyewe yanatakiwa yarudi nyuma mita 30 kutoka mahali maji yanapofika yakijaa. Sababu ni hiyo hiyo: mvuvi apite na dau lake, mama apite na mwani wake, na wewe upite na wanao.

Nimekaa na walinzi wale, najua wanavyopewa kazi. Anaambiwa asubuhi "zuia mapapasi wasisumbue wageni," yaani vijana wanaowafuatafuata wageni kuwauzia safari na vitu, halafu haelezwi papasi ni yupi. Akiona mtu mweusi hana mkanda mkononi, anazuia. Mwisho anamzuia shangazi yake mwenyewe. Kwa hiyo usigombane naye pale. Pita kwenye mchanga mbichi, mwambie kwa upole kwamba mnapita, hamkai. Akishikilia, uliza jina la meneja wa zamu na uende mapokezi, mezani, mbele ya wageni. Hapo sauti hushuka haraka. Ikiwa ni mtindo wa hoteli hiyo na si wa mlinzi mmoja, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Hoteli kubwa zinamhitaji sheha kwa mambo mengi, barua yake hawaitupi.

Walionaswa kati ni wale wanaolima mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, hoteli nyingi hazijakuwapo. Leo mgeni analalamika vigingi vinaharibu picha yake. Nimewahi kupokea malalamiko ya hivyo kwa maandishi, nikayaweka kwenye faili na faili kwenye kabati.

Bi Pwani, bakshishi nimpe nani, na kiasi gani? Msafiri, Arusha.

Anayekubebea begi na anayekuletea juisi wanapewa na kila mtu. Anayetandika chumba hapewi, kwa sababu anaingia ukiwa haupo. Mwachie yeye, kila asubuhi na si siku ya mwisho, kwani zamu hubadilika na wa siku ya mwisho pengine siye aliyekuoshea choo wiki nzima. Weka juu ya mto na kikaratasi kilichoandikwa "ahsante," la sivyo hatozigusa, ataogopa ataambiwa kaiba. Wa jikoni na wa dobi hutowaona kabisa, hao wanagawana kutoka sanduku la mapokezi. Kiasi ni mfuko wako.

Assalaam aleikum Bi Pwani. Tuko Muscat, tunamleta mama yetu Unguja baada ya miaka mingi. Goti lake ni bovu. Ndugu zake wako Mjini, lakini wadogo wanataka hoteli ya ufukweni. Itamfaa? Binti yake.

Waaleikum salaam mwanangu. Itamfaa mkichagua kwa goti lake na si kwa picha. Hoteli kubwa ni kubwa kweli: kutoka chumba cha mwisho mpaka mkahawani ni safari, njia za mawe na ngazi. Ombeni chumba cha chini, karibu na mkahawa, na muulize kama wana vigari vya umeme vya kubebea watu na si mabegi tu. Bafu lisiwe na kizingiti. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Nungwi ni zaidi ya saa moja garini, basi msimpeleke siku hiyo hiyo aliyoshuka.

Siku za kwanza alale kwa ndugu zake Mjini. Ndugu hawatokubali hata hivyo apitilize hotelini. Kisha siku mbili tatu za pwani, na muombe hoteli iwaruhusu ndugu waje kumtazama. Nyingine zinatoza mgeni wa mchana, ulizeni mapema kiasi gani na kama chakula kimo. Watakuja wengi.