Jibu: Umeme ukikatika jioni, watoto niwachangamshe vipi?

Pole sana, ndugu yangu. Kubaki peke yako na watoto wa miaka 3 na 5 gizani, mama yao akiwa zamu ya usiku, si kazi ndogo. Mimi huelekeza tochi ya simu ukutani, mikono inageuka mbwa, ndege, sungura. Halafu vitendawili, na hapo ndipo penye raha yote. Nikisema "Kitendawili!" wanaitikia "Tega!" hadi jirani anasikia. Nyumba yangu haina mlango? Yai! Wakishindwa, naomba mji. Binti yangu hunipa Mwanza kila siku, maana bibi yake yuko huko, kisha ananitaka nisimulie safari yote, stendi hadi ziwani. Husinzia kabla sijafika Shinyanga.